Mpangaji wa Chaneli ya Kiboko

Nina hadithi.
— Itoe.
Ina magurudumu mawili.
— Itembee.

Hapo zamani, tena si zamani sana maana intaneti ilikuwapo, Nguchiro alimaliza chuo akakosa kazi. Akaokota vyuma chakavu, akaunga, akapata pikipiki. Akaipeleka mtoni kwa Kiboko, mwenye chaneli ya video isiyo na cha kuonyesha ila mgongo wa mwenyewe.

Kiboko akaipenda. Akaikalia. Vruu, vruu, vruum. Akasema kwenye chaneli hakuna changu wala chako, sisi ni family, na tangu siku hiyo hakushuka.

Nguchiro akapanga maudhui. Jumatatu, kubadilisha plagi. Jumatano, kukaza cheni. Ijumaa, kuvuka tope bila kuanguka. Nguchiro anapanga, Kiboko anapanda. Nguchiro anapanga, Kiboko anapanda. Watazamaji wakajaa kama siafu. Kila Jumamosi Nguchiro aliuliza jina lake litaandikwa lini chini ya video, la sivyo arudishiwe pikipiki yake aende zake. Kila Jumamosi alijibiwa vilevile:

"Subiri, dogo. Unapata experience."

Miaka mitatu ya experience. Manyoya yakaanza kumtoka.

Siku moja Kiboko akatangaza washirika wapya. Akamwongeza Ngiri, shemeji yake, asiyejua klachi ni nini. Akamwongeza Korongo, kwa sababu ana miguu mizuri kwenye kamera. Wote wakapewa nywila. Nguchiro akauliza, tena kwa heshima, yeye je.

"Wewe ni mpangaji tu," Kiboko akasema. "Aliyepanga chumba ana nyumba?"

Ngiri akacheka kwee, kwee. Korongo akacheka kaa, kaa. Nguchiro hakucheka. Alilishika lile neno, akaligeuza mdomoni, kisha akaenda kuandika ratiba ya Ijumaa: kipindi cha moja kwa moja, Bosi aeleze nafasi ya kila mmoja. Kiboko alipenda sana kuwaeleza wengine nafasi zao.

Ijumaa ikafika, msitu mzima unatazama. Kiboko, juu ya pikipiki, akamtambulisha Ngiri, akamtambulisha Korongo.

"Na mimi, Bosi?" Nguchiro akauliza, kamera mkononi.

"Wewe ni mpangaji. Ukichoka, hama."

"Mpangaji akihama, anahama na nini?"

Kiboko akawaza sufuria moja na mkeka uliotoboka. Akawatabasamia watazamaji wake. "Na vyombo vyake vyote. Mimi sina njaa ya vyombo vya mtu."

"Basi shuka, mzee wangu. Nahama."

"Nishuke wapi? Chombo ni sahani."

"Na hicho ulichokikalia, askari wa barabarani wanakiitaje?"

Ngiri akatazama chini. Lakini Korongo alikuwa mgeni, akadhani ni swali la zawadi.

"Chombo cha moto," akasema. Akarudia kwa sauti zaidi, asije akapitwa: "Chombo cha moto."

Na aliyekiunda, msitu wote ulimjua. Kiboko angeweza kumkanyaga Nguchiro. Uzito alikuwa nao. Lakini macho yote yalikuwa kwenye kamera, na yeye aliwapenda watazamaji kuliko meno yake. Akashuka. Mguu mmoja. Mguu wa pili.

Nguchiro akapanda. Vruu, vruu, vruum. Hakuaga.

Chaneli ipo, ina washirika saba, na hakuna anayejua Jumatatu kuna nini. Ndiyo maana mpaka leo ukipita mtoni utamkuta Kiboko amepanua kinywa. Anatangaza nafasi ya kazi. Anataka mpangaji, mwenye experience.

Fundisho: vijana, waheshimuni wakubwa, na msiulize maana ya maneno. Mwangalieni Nguchiro. Angevumilia, leo angekuwa na miaka saba ya experience.

Hadithi imekwisha. Nzuri yake tugawane. Mbaya yake mpeni Kiboko, ana pa kuiweka.