Asali ya Nyamizi Mpakani

Nchi jirani zilipokubaliana kwamba mali iliyozalishwa kwao ivuke mipaka bila ushuru, aliyenuna kuliko wote alikuwa Bwana Ndikuriyo, mkuu wa forodha pale Mugongo. Tumbo lake lilikuwa limezoea kushibia mpakani. Ndipo Nyamizi, mama mfuga nyuki, akafika na madumu yake ya asali.

Ndikuriyo alifungua dumu, akachovya vidole, akalamba, akachovya tena.

"Asali hii imetoka ng'ambo ya bahari, si ya nchi zetu," akasema. "Ilipiwe ushuru, ama ibaki hapa."

Nyamizi hakuwa na cha kulipa, na ile ndiyo ilikuwa jasho lake la mwaka mzima. Akainamisha kichwa.

"Umenishika, bwana mkubwa. Ni ya ng'ambo kweli. Kule huwalambisha mafahali wakorofi. Fahali akionja tu, habari za majike anazisahau mpaka kufa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ndikuriyo akavitazama vidole vyake vinavyonata, jasho likamtoka.

"Mwongo we!" akafoka. "Mimi nimekulia kwenye asali! Hii ni ya misitu yetu, ya nyuki wetu, hata mtoto mchanga anaijua!"

"Ukishasema wewe mkuu, mimi nani nibishe? Gonga muhuri."

Akaugonga kwa kishindo ili kila mtu asikie. Nyamizi alipokuwa akifunga madumu kwenye baiskeli, Ndikuriyo alimfuata akanong'ona, "Mama, ile habari ya mafahali..."

"Ile ni asali ya ng'ambo, bwana mkubwa. Hii si umesema mwenyewe ni ya kwetu?"