Kiboko na Faili la Wakubwa

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa na nini?"

"Sema wewe, sisi tumekuja na masikio."

"Na midomo mmeiacha wapi?"

"Tumeifunga mpaka utakapoiuliza."

Haya, ifungeni vizuri. Palikuwa na Kiboko, na palikuwa na Sange. Kiboko mnamjua, hahitaji maelezo. Sange labda mmemsahau: ni yule mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, mdogo kuliko kiatu changu hiki, anayepita majanini viip, ukigeuka hayupo.

Palikuwa na chemchemi mlimani, na chini ya chemchemi palikuwa na tangi. Usiku tangi linajaa, mchana wanyama wanalimaliza. Kutoka tangini ulishuka mfereji mmoja, na kando ya mfereji malango arobaini, kila nyumba na lango lake. Juu kabisa, kwenye mawe, lango la Mama Pimbi na watoto wake wawili. Chini kabisa, kwenye bonde pana, lango la Kiboko. Mahali hapo alipachagua mwenyewe. Alisema, "Maji hayapandi, yanashuka. Basi mimi nitakaa chini nimeachama."

Malango yale yalifunguliwa na kompyuta. Mnacheka nini? Mlidhani kompyuta ni zenu peke yenu? Ilikula jua, ikasoma maagizo, ikafungua lango hili na kufunga lile. Kila nyumba robo saa, kwa zamu. Zamu zilipigiwa kura, na Mama Pimbi, maskini, kura ilimtupa mwisho, karibu saa kumi jioni.

Mwandishi wa maagizo alikuwa Sange. Zamani aliyaandika yote kwa mkono: faili la Nyani, faili la Kobe, faili la Ngiri, mpaka arobaini. Saa zikibadilika, abadilishe mara arobaini. Siku moja akabadilisha thelathini na tisa, akalisahau la Kobe. Kobe alikosa maji, akatoka kwenda kushtaki, na kwa mwendo wake akafika siku ya nne. Sange aliona aibu mpaka pua ikaacha kucheza. Akakaa akafikiri.

Akatengeneza kiolezo. Mmewahi kumwona fundi cherehani na karatasi yake? Anakata karatasi moja, anailaza juu ya kitambaa, anakatia mashati mia na yote yanafanana. Ndicho alichofanya Sange. Aliandika maagizo mara moja tu, akaacha pengo mahali pa jina na pengo mahali pa saa. Kila alfajiri kompyuta ilichukua kiolezo, ikajaza majina, ikajaza saa, tiki tiki tiki, ikaandika mafaili arobaini mapya. Ya jana ikayatupa. Kukiwa na la kubadilisha, Sange alibadilisha mahali pamoja, akaenda zake kutafuta mchwa.

Na juu ya kila faili aliweka mstari mmoja: "Faili hili limeandikwa na kompyuta. Usilibadilishe kwa mkono. Kabadilishe kiolezo."

Nimefanya kazi ya namna hii miaka ishirini na mmoja, na mstari wa namna hii nimeuandika mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nawaambieni, hakuna anayeusoma.

Basi ukaja ukame. Chemchemi ikapungua, tangi likawa linajaa nusu. Wanyama wakanywa kidogo kidogo, wakashukuru. Kiboko hakushukuru. Kiboko alikuwa mwenyekiti wa mfereji, na aliona haya kunywa robo saa kama Panya.

Akapanda mlima. Du, du, du.

"We Sange."

"Naam, Mwenyekiti."

"Lango langu linafungwa mapema."

"Linafungwa zamu yako ikiisha, mzee wangu."

"Zamu ni za wadogo. Nionyeshe faili langu."

Sange akalifungua. "Soma kwanza mstari wa juu, Mwenyekiti."

"Nisome mimi? Kusoma ni kazi yako, kuagiza ni kazi yangu. Andika: lango lifunguliwe alfajiri, lifungwe magharibi." Akainua mguu, akauweka hewani juu ya kichwa cha Sange.

Sange akautazama ule mguu kwa chini. Akaandika. Aliandika mle mle kwenye faili la Kiboko, kwa mkono, mbele ya macho yake.

Siku ile maji yalipita milango ya watu yakiimba. Gugugugu, mpaka kwa Kiboko. Ilipofika adhuhuri tangi lilikuwa tupu. Jioni zamu ya Mama Pimbi ikafika, lango lake likafunguka, kwaa. Halikutoa hata tone.

Mama Pimbi akaja. "Shoga, kwangu pakavu."

"Najua, dada yangu. Vumilia leo tu. Alfajiri neno la Kiboko litafutika lenyewe."

Na kweli, alfajiri kompyuta ilichukua kiolezo, tiki tiki tiki, ikaandika mafaili arobaini mapya. Neno la Kiboko likaenda na mafaili ya jana. Maji yakagawanywa kwa zamu, Mama Pimbi akanywa, watoto wakanywa. Kiboko alipewa robo yake, kisha lango likajifunga, kwap, kinywa chake kikiwa bado wazi.

Asubuhi yake akapanda mlima. Du, du, du.

"We Sange. Umelifuta neno langu."

"Sijaligusa, Mwenyekiti. Mkono wangu huu hapa, unuse." Na hapo hakusema uongo.

"Liandike tena."

"Soma kwanza mstari wa..."

Mguu ukainuka. Sange akaandika, mle mle, kwa mkono. Gugugugu mpaka kwa Kiboko. Adhuhuri tangi tupu. Jioni lango la Mama Pimbi, kwaa.

Safari hii Mama Pimbi alikuja na mtoto mdogo mgongoni. "Vumilia yako ya juzi nimeila, shoga, imekwisha. Mtazame huyu. Analia na machozi hayatoki."

Sange akamtazama yule mtoto. Alikuwa amezoea kujiona mjanja: mkubwa anaagiza, alfajiri inafuta, nani kaumia? Sasa aliyeumia alikuwa mbele yake, midomo imebanduka ngozi. Ujanja wa kusubiri kesho ni mzuri kwa mwenye maji ya leo. Na hilo lilimuuma Sange zaidi kuliko ule mguu.

"Mara hizi mbili maji yote amekunywa Kiboko," alisema Mama Pimbi. "Mara ya tatu simbebi tena huyu kuja kwako. Nitakuwa nambeba kwenda kumzika."

Sasa palikuwa na Kunguru. Kunguru hana shamba, hana lango, ana mdomo. Jioni ile alitua kichwani kwa Kiboko.

"Mwenyekiti, unachezewa. Faili lako si kitu. Kuna faili moja kubwa, mafaili yote yanatoka humo. Neno likiingia humo halifutiki. Linaitwa kiolezo."

Kiboko akafikiri. Kwake yeye kufikiri ni kazi ya mwili mzima, hata maji yalitikisika. Akasema moyoni: kumbe kuna faili la wakubwa na mafaili ya walalahoi, na mimi, Mwenyekiti mzima, nimewekwa na walalahoi.

Hakungoja kuche. Du, du, du, akamkuta Sange bado amekaa pale pale alipoachwa na Mama Pimbi.

"Umenificha faili la wakubwa."

Pua ya Sange ikasimama. "Faili gani hilo, mzee wangu?"

"Kiolezo. Mafaili yote hayatoki humo?"

"Yanatoka humo."

"Neno likiingia humo linafutika?"

"Halifutiki, Mwenyekiti. Kila alfajiri litaandikwa upya."

"Basi andika humo lile neno langu. Lango lifunguliwe alfajiri, lifungwe magharibi. Kama nilivyosema, usiongeze, usipunguze."

Hapa nitasimama kidogo, maana hapa ndipo penyewe.

Sange aliijua kazi yake. Angeweza kuandika: kama lango ni la Kiboko, lifunguliwe kutwa; kama si lake, lifuate zamu. Mstari mmoja tu wa ziada. Mambo ya namna hiyo huandikwa kila siku, na wakubwa wengi wanaishi humo, wamejibanza kwenye vijistari vya "kama ni fulani". Kiboko hakujua kwamba mstari huo upo duniani. Aliyejua alikuwa Sange. Na Sange alifikiria yale machozi yasiyotoka, akakaa kimya.

"Nisiongeze neno?" aliuliza.

"Hata moja."

Sange akatoa nakala ya kiolezo cha zamani, akaihifadhi mahali pake, maana mwenye kazi hii hatupi cha zamani. Kisha akaliziba pengo la saa, akaandika neno la Kiboko kama lilivyotoka kinywani. Pembeni, kama ilivyo desturi yake kila akibadilisha kitu, akaandika ni nani aliyetaka: "Kwa agizo la Mwenyekiti." Kiboko hilo alitaka asomewe mara mbili. Akarudi bondeni ameridhika.

Alfajiri, tiki tiki tiki. Kompyuta ikachukua kiolezo, ikajaza jina la Pimbi: lango lifunguliwe alfajiri, lifungwe magharibi. Ikajaza jina la Nyani: lango lifunguliwe alfajiri, lifungwe magharibi. Ikajaza la Kobe, ikajaza la Ngiri, ikajaza arobaini.

Malango yote yakafunguka kwa pamoja. Kwaa, kwaa, kwaa, kutoka mlimani mpaka bondeni.

Maji yakatoka tangini. Lango la kwanza la Mama Pimbi: gugugu. Watoto wake wawili walitumbukiza vichwa mpaka masikioni. La Nyani: gugu. La Kobe: churuchuru. La Ngiri: chururu. Kila nyumba ikajaza mtungi, ikajaza dimbwi, ikajaza kila kilichoweza kujazwa. Yalipopita malango thelathini na tisa, yakafika kwa mwenye kukaa chini ameachama.

Ti.

Akangoja.

Ti.

Adhuhuri tope la Kiboko lilianza kupasuka, na ngozi ya mgongo nayo ikaanza kumbana. Alitaka kupanda mlima. Alipotoa mguu wa kwanza, akasikia ngoma.

Walikuwa wanyama. Walikuwa wamekwenda kwa Sange kuuliza kulikoni, naye akawaonyesha maandishi ya pembeni: "Kwa agizo la Mwenyekiti." Basi wakaja, na majani mikononi, kumshukuru.

"Mwenyekiti," alisema Ngiri, "wengine wakipewa cheo hujifungulia peke yao. Wewe umefungulia wote."

Kiboko akafungua kinywa, akakifunga. Aseme nini? Aseme nilitaka yangu tu, mmekunywa kwa makosa? Akatikisa kichwa kwa heshima, akakaa kwenye tope lililopasuka, akashukuriwa mpaka jua likazama.

Siku ya pili: gugugu kwa Pimbi, ti kwa Kiboko, na ngoma tena. Siku ya tatu Kobe alifika kutoa shukrani zake za siku ya kwanza.

Usiku ule Kiboko hakupanda kwa vishindo. Alikuja taratibu, akainamisha kichwa mpaka kikawa sawa na cha Sange.

"Binti yangu."

"Naam, Mwenyekiti."

"Rudisha kile cha zamani."

"Kile cha zamu? Cha robo saa kwa kila mtu, na wewe robo saa?"

"Hicho hicho." Akameza mate, ambayo hayakuwepo. "Usiongeze, usipunguze."

Sange akachukua ile nakala, akairudisha. Kazi ya kuvuta pumzi mara mbili. Alfajiri, tiki tiki tiki, kila mtu na zamu yake. Mama Pimbi akarudi mwisho wa foleni, karibu saa kumi jioni, lakini sasa ilipofika saa kumi maji yalikuwepo. Mtoto wake mdogo alikua, na mimi namfurahia yule mtoto kama wangu.

Mnataka iishie hapo. Ningeweza kuimalizia hapo, lakini nitakuwa nimewaonea.

Mvua zilinyesha, uchaguzi ukafika. Wanyama wakakusanyika kuchagua mwenyekiti wa mfereji. Mmoja akamtaja Sange. Wakauliza, "Sange ndiye nani?" Wakaambiwa, "Yule wa kompyuta." Wakasema, "Ahaa," wakaendelea. Kisha Ngiri akasimama, akakumbusha zile siku tatu za ukame, Mwenyekiti alipofungulia wote akakaa yeye kwenye tope. Wazee wengine walifuta macho. Kiboko akapita bila kupingwa. Aliyenyamaza ni Mama Pimbi, na Sange alimtazama kwa mbali, akatikisa pua kumwambia asiseme kitu.

Kesho yake asubuhi Sange alikuwa amekaa kwenye kompyuta yake, kazini. Akasikia vishindo vinapanda mlima. Du, du, du.

Basi funzo la ngano hii ni nini? Mnangoja niseme wakubwa wasionee wadogo. Wakubwa hawapo hapa, wamelala. Funzo ni lenu nyinyi mnaoandika maagizo ya mashine za watu, nanyi lishikeni: mtiini mkubwa wenu. Akisema andika, andikeni. Akisema usiongeze, msiongeze. Akisema hana haja ya kusoma mstari wa juu, msimsumbue, ana mambo mengi. Utiifu haujawahi kumdhuru mtu mdogo.

Mimi nimetii miaka ishirini na mmoja.

Ngano nimeitua hapa. Mwenye mgongo aibebe, na asiye nao aniulize kesho, nikiwa na zamu.