Kichwa cha Mng'oko

Kisa changu kiko njiani, kinaomba pa kukaa.

— Na kije, tumekifagilia.

Kina maneno machungu.

— Na kije hivyo hivyo.

Haya, kaeni. Sufuria iacheni katikati kila mtu aione. Wewe Sijaona, usijaze mashavu, hakuna anayekunyang'anya. Leo ming'oko mnaila kwa kupenda, na chumvi na chai. Enzi ninazozisema, viazi hivi vya mwituni vilikuwa mpaka kati ya mtu na kaburi.

Hapo kale, kale ya mbali, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji huku huku kwetu, kikiitwa Mnalani, na msitu ulikizunguka pande zote. Watu walilima mtama. Mvua ikija, walikula mtama. Mvua isipokuja, mkulungwa, ndiye mkubwa wa kijiji, aliwafungulia msitu, wakaingia kuchimba ming'oko, wakaishi. Sharti lilikuwa moja tu. Kile kichwa cha juu, pale shina linapotokea, huli. Unakirudisha shimoni, unakifukia, unakanyaga kwa mguu wa kulia, unasema, "Nilikuazima, nakurudisha." Mvua ikinyesha kinachipua tena. Rudisha, fukia, kanyaga. Hata mtoto wa umri wako, Sijaona, alijua.

Sasa kijijini pale alikuwepo Nandule. Mtu asiwadanganye kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa mchapakazi, jembe lake halikulala. Mkewe aliitwa Nalonga, na walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Atuweni, waliyempata baada ya kuzika wengine. Nandule alimpenda mtoto yule mpaka watu wakamcheka. Alimbeba mabegani kwenda shamba na kurudi, mtoto mkubwa mwenye miguu yake, na wala hakujali.

Mwaka mmoja wakaja wafanyabiashara kutoka pwani wakitaka ufuta. Walileta nguo nyekundu, walileta chumvi na shanga. Na ufuta, mnajua wenyewe, unapenda ardhi mpya iliyotoka kuchomwa. Nandule akautazama ule msitu, asione msitu. Akaona shamba lililolala. Akaenda kwa mkulungwa, mzee Chiwalo, akaomba akate. Mzee akakataa. Nandule akamuuliza kwa upole:

"Mkulungwa, sharti la wazee ni lipi? Si kurudisha kichwa?"

"Ndilo."

"Nikivirudisha vyote, nitakuwa nimekosa nini?"

Mzee akalipima sharti neno kwa neno. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wajukuu zangu. Sharti lilitaja kichwa. Mti halikuutaja, maana nani aliwahi kudhani iko siku mti hautakuwepo? Akamruhusu.

Nandule akaingia msituni na adabu zake zote. Akachimba mng'oko. Akarudisha, akafukia, akakanyaga. "Nilikuazima, nakurudisha." Kisha akashika shoka, akaukata mti ambao shina la mng'oko lilikuwa limeupanda. Akaenda kwenye mwingine. Rudisha, fukia, kanyaga, kata. Rudisha, fukia, kanyaga, kata. Mwisho akatia moto.

Ufuta ukakubali. Nalonga akavaa nguo nyekundu, Atuweni akavishwa shanga. Mnadhani majirani walikaa kutazama? Msimu uliofuata kila nyumba iliingia na shoka lake, na mkulungwa mwenyewe akalima ufuta. Nikifika hapa hasira hunipanda, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyedhani anakosea. Waliumaliza msitu huku wakiuomba radhi, shimo kwa shimo. Kikabaki kibonde cha mawe tu, kisichofaa kulimwa, palipoota ndiga.

Ndiga mnaijua? Basi msiijue kwa kuionja. Ni kiazi cha porini pia, lakini kina sumu. Wazee waliila njaa ikizidi, na kwanza waliikata vipande vyembamba, wakavitia kikapuni, wakakiweka kikapu ndani ya kijito, maji yapite juu yake mpaka povu liishe kabisa.

Kisha mvua ikagoma. Mtama ukakauka, ufuta ukakauka. Wafanyabiashara wakapotea, na nguo nyekundu haipikwi. Lakini watu wa Mnalani hawakuogopa sana, maana walijisemea kwamba vichwa vyote wamevirudisha. Wakaenda mashambani kuchimba. Nandule akachimba pale pale alipokanyaga, akatoa kitu kikavu kama kigae. Akachimba pengine, akakuta vumbi. Shina la mng'oko haliishi bila mti wa kupanda, na udongo bila kivuli ulikuwa umepikwa na jua. Siku hiyo ndipo walipoelewa. Wakakaa chini pale pale shambani, watu wazima, wakalia kwa sauti.

Vifo vikaanza. Mzee Chiwalo aligawa kila alichokuwa nacho, akajilaza, akafa bila kulalamika. Atuweni akakonda, kisha akaacha kulia. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, ogopeni.

Nandule akaenda kibondeni, akarudi na ndiga. Nalonga akaikata vipande, akaitia kikapuni, akakimbilia kijitoni. Kijito hakipo. Si kilikuwa kinatoka msituni? Akafukua mchanga kwa vidole, akakusanya maji kidogo kidogo, akapata ya kulowekea chunguni. Povu likatoka, akalimwaga. Akaloweka tena, povu likatoka tena. Akamwambia mumewe asiiguse, bado, akatoka kwenda kufukua maji mengine.

Nandule akabaki na mwanawe. Atuweni akakitazama kile chungu.

"Baba, kile ni chakula?"

"Ni chakula, mama."

"Basi mbona hatuli?"

Angemjibu nini? Akakiinjika chungu motoni, akamlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, ndiga yote. Yeye hakuonja hata kidogo ili mtoto ashibe. Angeonja angejua.

Nalonga aliporudi na kata ya maji, mwili wa mtoto ulikuwa umeshapoa. Akaiweka kata chini. Akasema, "Povu lilikuwa bado, Nandule." Ndilo neno la mwisho alilomwambia. Waliobaki hai wakafunga mizigo wakahama, na Nalonga akaondoka nao.

Nandule hakuondoka. Alimzika Atuweni katikati ya shamba la ufuta. Akapekua kibonde chote cha mawe mpaka akapata mng'oko mmoja, mwembamba. Hakuula. Akakichukua kichwa chake, akakirudisha juu ya kaburi, akafukia, akakanyaga polepole. Baadaye, mvua ikaja. Kichwa kikachipua, shina likatoka, likatafuta pa kupanda. Hapakuwa na mti. Likatambaa chini, jua likaanza kuliunguza. Nandule akachomeka kijiti, mchwa wakakila. Akachomeka kingine, wakakila.

Basi akasimama yeye.

Shina likamzunguka miguu, likapanda kiunoni, likafika shingoni. Hakusogea kwenda kula, hakusogea kwenda kunywa. Watu wa Mnalani waliporudi, walikuta mifupa imesimama, imeshikwa na shina la kijani, na chini yake udongo umetuna. Walikuwa na njaa. Wakachimba ming'oko ile, wakala. Ndiyo, walikula, msiniangalie hivyo. Sisi tunatoka kwa hao.

Nalonga ndiye aliyerudisha kichwa. Kisha akapanda mti pembeni yake, akawaambia wenzake kwamba kurudisha kichwa bila kuacha mti ni kukizika tu. Hilo ndilo la kushika.

Sijaona, umeacha kula.

Ming'oko hii nimeichimba asubuhi kwenye ule msitu mdogo wa juu. Vichwa nimevirudisha vyote. Nilipoinua macho nikaona miti imechanjwa alama za shoka, mmoja hadi mwingine mpaka kule mwisho. Ni mkono wa baba yenu, naujua, mimi ndiye niliyemzaa. Wenye ufuta wamepita tena. Mimi nimeshasema, amezoea kunisikia. Atakaporudi, mmoja wenu amuulize, kwa upole kama Nandule alivyouliza: shina litapanda wapi?

Kisa changu nakichimbua hapa. Nyama yake mmekula, kichwa chake nawarudishia.

— Tumekipokea, bibi.

Kifukieni. Na mti muuache.