Dundu Mlangoni pa Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri. Lakini yuko mmoja pale nyuma, mdomo umefunguka, sauti bado. Tumsubiri.

Haya, naye ameitikia. Sasa twende.

Hapo zamani za kale, siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, nguchiro walikuwa wakirudi nyumbani. Mnauliza saa waliitoa wapi? Kivuli cha kichuguu kikigusa mgunga, ndiyo saa hiyo.

Walikaa ndani ya kichuguu kikuukuu chenye mlango mmoja. Mlangoni alisimama Shangazi Mbuya. Kila aliyetaka kuingia alitaja jina lake, maana nyoka naye hupenda kulala pa joto.

"Nani?"

"Cheko!"

"Pita!"

"Nani?"

"Kirata!"

"Pita!"

"Nani?"

"Dundu!"

"Pi... Hebu ngoja. Cheko, wewe si umeshaingia?"

Cheko akachungulia kutoka ndani. "Namsaidia tu mdogo wangu, Shangazi. Kila siku namsaidia."

Shangazi Mbuya akamtazama Dundu, akamgeukia mama yake, Mwanakheri.

"Wifi, mwanao hasemi. Leo nampitisha. Kesho asipotaja jina mwenyewe, atalala nje."

Na nje kuna nani? Nje kuna bundi.

Usiku huo Mwanakheri alimlaza Dundu kifuani. Kulipokucha, kila mmoja alikuwa na lake. "Kiziwi huyo!" "Hana akili!" "Umemdekeza!"

"Huenda," akasema Mwanakheri. "Lakini mmejuaje?"

Akanyata nyuma ya Dundu, akavunja mbawakawa, kwach! Dundu akageuka.

"Kumbe anasikia."

Akaficha mikono asije akamwonyesha kwa ishara, akamwambia, "Niletee unyoya wa kanga ulio nyuma ya jiwe jekundu." Dundu akaenda, tipu tipu tipu. Hakuleta jani. Hakuleta kijiti. Akaleta unyoya.

"Kumbe anaelewa. Sasa kimekwama wapi?"

Akajilaza kwenye majani, akatazama. Kirata akamwuliza Dundu, "Unataka panzi?" Mdomo wa Dundu ukafunguka. Ulimi ukapanda. Koo likacheza.

"Anataka!" akadakia Cheko.

Mdomo ukafungwa.

"Unataka na siafu?" Mdomo ukafunguka. "Hataki!" akadakia Cheko. Mdomo ukafungwa.

"Cheko, mwanangu!"

"Lakini mama, mimi najua anachotaka!"

"Najua unajua. Na mimi humfanyia vivyo hivyo."

Jioni ikafika. Kivuli kikagusa mgunga. Wote wakapita, wakabaki nje Dundu, mama yake na Cheko. Cheko alisimama kando, mkono wa mama umemziba mdomo.

"Nani?" akauliza Shangazi Mbuya.

Mdomo wa Dundu ukafunguka.

"Nani, nimeuliza!"

Mdomo ukafungwa.

"Wifi," akasema Mwanakheri, "ukirudia unamkatiza. Uliza mara moja, kisha nyamaza."

"Ninyamaze? Mimi?"

Humo ndani wakaangua kicheko. Shangazi Mbuya hata usingizini alikuwa akisema.

"Na bundi je?" akauliza Shangazi.

"Bundi nitamwangalia mimi."

Shangazi akauliza, "Nani?" Akabana meno.

Kimya. Jua likazama. Bundi akalia, huuu. Cheko akakanyagakanyaga chini, tu tu tu. Mkia wa Shangazi ukatetemeka kwa maneno aliyoyazuia. Bado kimya.

"Du," akasema Dundu.

"Hilo nusu!" Kirata akapiga kelele kutoka ndani.

"Nyamaza wewe! Umewahi kumsikia nyoka akisema Du? Huyu si nyoka. Pita, mwanangu."

Dundu hakupita. Mdomo ulikuwa bado wazi. Shangazi akauona, na safari hii hakuambiwa na mtu. Akanyamaza.

"...ndu."

"Pita, Dundu! Pita!"

Basi ninyi wenye watoto, na ninyi watoto wenye wadogo zenu: anayechelewa kusema msimwite mjinga. Chunguzeni kama anasikia. Chunguzeni kama anaelewa. Kisha mpeni nafasi ya kusema, na nafasi hiyo msiijaze ninyi.

Asubuhi iliyofuata, Mwanakheri aliweka yai mbele ya Dundu. "Unataka nini?" akauliza. Mara moja tu. Kisha akaketi, akaukalia mkia wake usitetemeke, akanyamaza.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, mama anasubiri.