Wembe wa Faki Vumbi katika Ukumbi wa Sindano

Niwieni radhi mapema. Hekaya hii ilistahili msimulizi mwenye meno kamili na kumbukumbu nzima, nanyi mmeangukia kwangu. Basi nikiruka mahali, rukeni nami.

Hapo zamani, ile zamani ya karibu ambayo sultani alikuwa na kilemba kichwani na simu mkononi, palikuwa na mji uitwao Pindoni. Sultani wake, Zahoro, alipenda kushona mifarishi kuliko kupigana vita; na mfarishi ni lile shuka nene la viraka, tabaka mbili na pamba katikati, ambalo mtu hulishona miezi minane kisha akawakataza wageni kulikalia. Basi akafungua kundi katika simu, akaliita Ukumbi wa Sindano, akawatia humo washoni wote wa nchi, wakawa wanaonyeshana picha za kazi zao na kuulizana mishono. Ikawa raha.

Raha ikazaa maneno. Huyu akauza samli, yule akaleta dawa ya chango, wa tatu akatuma dua ndefu yenye amri ya kuwapelekea watu kumi kabla ya magharibi. Sultani akaghadhibika, akamwita Waziri Shekuwe, aliyekuwa mlinzi wa kundi, akamwambia, "Andika. Hapa hapauzwi kitu, wala hapazungumzwi jambo lisilokuwa kushona. Mwenye kutoka nje ya mada, muonye. Mwenye kutaja biashara au bei, mtoe papo hapo, wala usitazame jina lake, ili pasiwe na upendeleo."

Waziri akajibu, "Nimesikia na nimetii."

Naye akatii kupita kiasi. Aliyeandika "habari za asubuhi" alionywa. Mama mmoja alileta picha ya paka amelala juu ya mfarishi, ikawa kesi ya siku tatu. Mwishowe Waziri akahukumu kwamba sehemu ya paka iliyogusa mfarishi ni halali, ila mkia uliokuwa ukining'inia umetoka nje ya mada. Na kila asubuhi Ukumbi ulifunguliwa kwa picha ya Nyuzi za Kasri, "nyuzi zisizokatika, zapatikana langoni kwa Sultani". Hilo halikuwa tangazo, lilikuwa salamu ya dola.

Alikuwepo fukara mmoja, jina lake Faki Vumbi, mshona viraka, ambaye kazi yake nzuri kuliko zote ilikuwa kanzu aliyoivaa. Jirani yake alikuwa mjane, Bi Mwanakombo. Upepo ulikuwa umemwezua paa, na masika yalibakiza siku tisa. Hakuwa na kitu cha thamani ila mfarishi mmoja, alioushona kwa kanzu za marehemu mumewe na leso zake mwenyewe za harusi, na katikati akautia nyota kubwa ya ncha nane. Basi akaandika Ukumbini, "Jamani, nimeezuliwa paa." Akaonywa. Akaandika tena, "Basi nauza mfarishi wangu." Hakumaliza kuvuta pumzi, amekwisha kutolewa.

"Faki we," akalia, "nimefukuzwa kama mwizi wa kuku! Paa sina, na sasa hata watu sina."

Faki akasema, "Paa siwezi kukuezekea, mama, maana mimi nikipanda ngazi hushuka bila ngazi. Lakini mdomo ninao, na haujawahi kupata kazi ya maana."

Ikawa Faki akaenda kasrini, akasujudu, na kanzu ikapasuka mgongoni.

Sultani akasema, "Ewe Faki, mbona kanzu yako ina matundu mengi kuliko kitambaa?"

"Ni ya misimu yote, Maulana. Inapitisha jua na mvua bila upendeleo, kama sheria yako."

Watu wa baraza wakaangalia chini wasije wakacheka. Faki akaeleza habari ya mjane na paa lake. Sultani akasikiliza, akaona haya kidogo, na mtawala akiona haya huwa mkali.

"Vema," akasema. "Wewe si hodari wa maneno? Mfarishi huo upate mnunuzi ndani ya Ukumbi wangu kesho kabla ya adhuhuri. Lakini usitaje kuuza, wala bei, wala paa, wala shida. Ukiweza, nitamrudisha mjane. Ukishindwa, nawe utatoka, na hamtarudi kamwe."

Waziri akacheka kwa pua. Faki akajikuna kidevu. "Nimekubali, Maulana. Ila mimi ni mjinga, nikumbushe: nimeachiwa kusema nini?"

"Maswali ya kushona, basi."

"Maswali ya kushona," akarudia Faki, akaenda zake kinyumenyume kwa adabu, na kwa sababu ya mgongo wa kanzu.

Kesho yake asubuhi, baada tu ya salamu ya dola, picha ikaingia Ukumbini. Mfarishi wa Bi Mwanakombo umetandazwa, nyota inang'aa, na juu ya nyota umelazwa wembe. Chini yake pameandikwa: "Wajuzi, naomba msaada. Nataka kuufumua huu wote nipate matambara ya kupangusia miguu. Nianzie katikati au pembeni?"

Waziri akapekua sheria juu na chini. Wembe ni chombo cha mshoni, na kufumua ni nusu ya kushona. Akakosa pa kushika.

Ukumbi ukalipuka. Bi Nargisi, fundi wa mishono midogo, akaandika, "Wee Faki! Umerogwa? Ondoa wembe huo!"

Faki akajibu, "Ahsante, dada. Ila mada ni katikati au pembeni."

"Kazi ya miezi minane, mshenzi wewe!"

"Tafadhali tusitoke nje ya mada."

Ikaja picha ya pili: wembe umesimama kwa ncha juu ya nyota, na maneno, "Kwa kuwa sijajibiwa, naanza katikati."

Wakati huo Sultani alikuwa akinyolewa, povu shavu moja. Alipoona wembe juu ya ile nyota, akaruka kitini. Akamsukuma kinyozi, akaandika kwa herufi kubwa: "USIKATE! NIUZIE MIMI! BEI NI PAA ZIMA LA MABATI, NA MAFUNDI JUU!"

Waziri Shekuwe akaona "niuzie", akaona "bei". Kidole chake, kilichozoea kutii, hakikutazama jina. Sultani akatolewa katika Ukumbi wake mwenyewe.

Basi Sultani akaitazama simu hata povu likaanza kumkauka shavuni. Kisha Sultani akanguruma Faki aletwe, na Waziri aletwe, wakaletwa.

"Umenifanyia hila!" akasema Sultani.

Faki akasema, "Hasha, Maulana. Uliniambia nisitaje bei, sikutaja. Nisitaje paa, sikutaja. Niliuliza swali la kushona, na mpaka sasa hakuna aliyenijibu. Aliyetaja bei na paa ni mtu mmoja tu, nasikia ametolewa, tena bila upendeleo."

"Na ungeufumua kweli?"

"Kwa wembe ule? Ndio ninaonyolea ndevu. Tazama kidevu hiki, kama kimekatwa au kimebembelezwa."

Sultani akatazama kile kidevu kilichojaa vichaka, akaangua kicheko hata povu lililosalia likaruka kilembani kwa Waziri. Siku hiyo hiyo mafundi wakapanda juu ya nyumba ya Bi Mwanakombo, na masika yalipofika yakamkuta ndani anakunywa chai. Alirudishwa Ukumbini kwa heshima, na siku hiyo watu mia mbili walimwandikia "karibu nyumbani", wala hakuna aliyeonywa. Na Sultani akatoa amri mpya: salamu na misiba iruhusiwe siku zote, na Ijumaa iwe ya matangazo, kila mtu auze atakacho.

Ijumaa hiyo njema ilidumu wiki mbili. Ya pili akatokea mtu mmoja akaleta matangazo thelathini na saba ya beberu mmoja, beberu wa mbele, wa ubavuni, beberu akitabasamu, hata Sultani akaifuta Ijumaa kwa hasira. Watu wa Pindoni wanamlaani mtu huyo mpaka leo, wala siwalaumu. Ila beberu bado ninaye, kama yuko mwenye haja.