Mashavu ya Nietiwe

Mtungi hushushwa, hautupwi. Mmeusikia msemo huo kwa mama yenu asubuhi, mkaubeba mpaka kwangu kama kuku aliyeokotwa, mkiuliza ni wa nani. Haya, kaeni. Methali hii ina mwenyewe, na ilianzia mashavuni.

Huko milimani Upare aliishi mama mmoja, Nakunda, na binti yake Nietiwe, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mtoto alivimba macho, kisha miguu, kisha tumbo. Hospitali wakasema figo zinavujisha kitu kinachotakiwa kubaki mwilini, wakampa vidonge vya steroidi. Daktari hakumficha mama: vidonge vitashusha uvimbe, lakini vitaleta njaa, vitajaza uso, na vitampunguzia mtoto kinga. Asiviache mpaka aambiwe.

Uvimbe ukashuka kweli. Nietiwe akala mpaka akawa anachungulia sahani za wageni. Mashavu yakajaa, yakang'aa. Kwa kawaida kule mtoto mnene ni sifa ya mama yake, lakini majirani waliokwisha kumwona amevimba hawakuona unene. Waliona ugonjwa umehama miguuni, umepanda usoni. Mama mkwe, Bibi Nakiete, ndiye aliyeshupaa kuliko wote kwamba dawa inamharibu mtoto, mwishowe akamshauri Nakunda aitupe. Siku ile ile Nakunda akavitumbukiza vidonge vyote chooni.

Haukupita muda mrefu, Nietiwe akalegea kama mchicha uliochumwa jana. Akatapika, akashindwa kusimama. Wakamteremsha mlima kwa machela hadi hospitali, akatundikiwa dripu.

Daktari alieleza kwamba mwili wa mtoto ulikuwa umeiachia dawa kazi ambayo mwili hujifanyia wenyewe. Dawa ilipoondolewa ghafla, kazi ikakosa mtu. Ni lazima aianze tena dawa, kisha ipunguzwe kidogo kidogo. Nakunda akakataa.

"Dokta, nikimpa inamdhuru, nikimnyima namuua. Hiyo ni dawa gani?"

"Ni nzito, mama. Ila ugonjwa wake ni mzito zaidi."

Bibi Nakiete, aliyekuwa kando ya kitanda, akamgeukia Nakunda.

"Mwanangu, nilipokuwa mwali aliyeolewa karibuni, mtungi wa maji ulinichosha njiani, shingo ikawaka moto, nikautupa. Shingo ilipona. Jioni ile nyumba nzima tulikunywa maneno ya baba mkwe." Akamtazama mjukuu wake kitandani. "Wenzangu nao shingo ziliwauma. Walifika, wakaita mtu wa kuwapokea, wakaushusha polepole. Mimi nilikushauri utupe. Mpe mtoto dawa. Nitakupokea."

Nakunda akampa. Kila kliniki daktari akawa anapunguza, na mashavu nayo yakipungua. Ugonjwa uliwahi kurudi; wakajitwika mtungi upya, wakaushusha upya. Nietiwe akaanza shule amechelewa, lakini akaanza kwa miguu yake.

Kwa hiyo mkimwona mtu shingo inamtetemeka, msiwe wepesi wa kumpigia kelele atupe. Ulizeni kwanza amebeba maji ya nani, kisha mwende mkampokee. Mtungi hushushwa, hautupwi.