Mbaruku na Kilio cha Mji wa Halua

Wasemao ya kale wasema, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba mji wa Zarkani ulitawaliwa na Sultani Shamsheri bin Kaisari, mwenye hukumu za haki na hasira za karibu, na mji wake ulikuwa na kuta nyeupe na bustani za komamanga na soko refu mno, mtu akiingia mlango wa mashariki asubuhi hutokea wa magharibi jua likiwa utosini. Na katika soko lile lote hapakuuzwa ila halua.

Sababu yake ni hii. Zamani mpishi mmoja alimpelekea Sultani sahani ya halua siku ya Idi, na Sultani akaonja, akafurahi, akamvika joho la hariri na kumpa nyumba ya ghorofa. Habari ilipoenea, mfinyanzi aliacha udongo wake, na msokota kamba akaacha makumbi yake, na mwezekaji mapaa akashuka na ngazi yake, na kila mmoja akanunua sufuria na kusema, "Na mimi je, mkono wangu una kasoro gani?" Basi wakajipanga ubavu kwa ubavu, wa halua nyekundu na wa halua nyeusi, wa lozi na wa iliki, hata wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi.

Miongoni mwao alikuwako kijana aitwaye Mbaruku bin Shineni, aliyerithi kwa marehemu baba yake sufuria ya shaba na kipembe cha baraza, akaishi na mama yake, Bi Hidaya. Halua yake ilikuwa nzuri, lakini na za wenzake zilikuwa nzuri vilevile. Siku moja alirudi nyumbani na sinia limejaa kama lilivyotoka.

"Umeuza, mwanangu?" akauliza mama yake.

"Wateja wangu leo walikuwa nzi, mama, nao hawakulipa."

"Vumilia. Baba yako alitulisha kwa sufuria hiyo hiyo."

"Baba alikuwa na jirani mmoja mpishi," akasema Mbaruku. "Mimi sina jirani asiye mpishi."

Na kwa kuwa hakuwa na cha kununulia kuni, akatwaa shoka, akatoka nje ya kuta mpaka mwituni, akaliona gogo la mkwaju limelala, kavu na nene. Alipolipiga shoka, gogo likapasuka kwa kishindo, ukatoka moshi wa kijani, na moshi ukasimama ukawa jini, kichwa chake juu ya miti, na macho yake kama tanuri mbili.

"Usikimbie, ewe mwanadamu!" akanguruma jini. "Mimi ni Kharkhamu. Mfalme wa majini alinifungia humu kabla babu zako hawajazaliwa, na aliyenifungua ndiye bwana wangu. Sema neno litendeke."

Mbaruku aliogopa, lakini tamaa ikaishinda hofu, akawaza kama awazavyo mtu asiyejua ila kazi moja. Akasema, "Nipe sufuria isiyokwisha halua, na halua yake iwe tamu kuliko zote za Zarkani."

"Labeka, bwana wangu."

Kesho yake harufu ya zafarani ilivuka mitaa yote, na watu wakamiminika kwenye baraza la Mbaruku, wakala, wakabeba kwa makapu, na sufuria haikupungua hata tonge. Mbaruku akatembea kifua mbele, akamnunulia mama yake kanga na udi kwa watu wa msafara uliopita. Lakini jirani zake, walipoona hawauzi, walipunguza bei, na yeye akapunguza zaidi, nao wakapunguza tena, na sufuria ikazidi kufurika, mpaka halua ikawa haina thamani, watoto wakawalisha mbuzi, na wapita njia wakaiepa kama wanavyoepa tope. Mzee Faki Jongo, jirani yake wa mkono wa kulia, aliipindua sufuria yake barazani akalia kama mfiwa. Ndipo wapishi wote wakainua miko, wakamkamata Mbaruku, wakamburura mpaka mbele ya Sultani.

Sultani Shamsheri akasikiliza, na ndevu zake zikatikisika kwa ghadhabu. Akasema, "Ewe kijana, umewamwagia watu wangu sukari, ukawanyang'anya mkate. Sitakuua, kwa kuwa hukukusudia uovu. Lakini nakupa muda mpaka mwezi uandame. Ukiwapatia watu hawa kazi za kuwalisha, utapata kwangu heshima. Usipowapatia, utatoka Zarkani wewe na mama yako, na lango halitafunguliwa kwenu tena maisha."

Mbaruku akasujudu, akatoka. Hakuiogopea nafsi yake. Alimwogopea Bi Hidaya, aliyekuwa na magoti mabovu, na ambaye hajapata kulala nje ya kuta zile.

Akaenda mwituni, akapiga makofi, na Kharkhamu akasimama mbele yake.

"Kwanza, ichukue sufuria yako," akasema Mbaruku.

"Nimeichukua. Sasa niseme nawe kama rafiki: nitakunyeshea dhahabu juu ya mji, kila mtu apate kapu lake, na yatakuwa yamekwisha."

"Dhahabu ikijaa kama ilivyojaa halua, nani atainama kuiokota?" Mbaruku akaketi juu ya kisiki, kisha akainua uso. "Kharkhamu, nibebe juu ya mji, unifiche nisionekane, na unifungue masikio nisikie kila mtu anachokitafuta akakikosa."

Jini akamtazama kwa mshangao. "Tangu niumbwe, watu huniomba wanachokitaka wao. Hajapata mmoja kuniomba asikie wanachotaka wengine."

Akamweka begani, wakapaa, na Zarkani ikawa chini yao kama sinia la chai. Mbaruku akasikia. Akamsikia mwanamke kisimani akisema, "Laiti ningepata kamba! Ndoo ya tatu hii imezama." Akamsikia baba akimhamisha mtoto kitandani kona hii na kona ile, kwa kuwa paa linavuja na hakuna wa kuliezeka. Akamsikia bibi harusi akihuzunika kwamba hana mtungi wa kuanzia nyumba, na msafiri akilaani kiatu chake kilichofunguka midomo, na hakuna mshonaji katika mji mzima. Na chini ya sauti hizo zote ilikuwako sauti moja nzito, katika kila nyumba, kama njiwa elfu wanaolia kwa pamoja.

"Njiwa gani hawa?" akauliza.

"Si njiwa. Sikiliza vema."

Akasikiliza, na maneno yakapambanuka: "Jino! Jino langu, ole wangu, jino!"

Mbaruku akaupeleka ulimi wake kwenye jino lake la nyuma, lenye tundu, lililomsumbua siku nyingi naye akidhani ni mkosi wake peke yake. Watu wamekula halua asubuhi na jioni miaka mingi, na katika soko refu namna ile hapana hata mmoja aliyeuza kitu cha kusafishia kinywa!

Wakapita juu ya kasri, na dirishani alikaa Nurshani, binti wa Sultani, aliyewakataa wachumba wote na kuacha kuzungumza mbele za watu, hata ikasemwa ana kiburi. Shavu lake lilikuwa juu ya mto, na alikuwa akimnong'oneza kijakazi wake, "Afadhali waniite mwenye kiburi, kuliko waseme binti wa Sultani ana jino bovu."

"Niweke chini," akasema Mbaruku, na moyo wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

"Nikuletee dawa ya meno kutoka mlima Kafu?"

"La. Ukishakwenda zako, ya kesho italetwa na nani? Nionyeshe miswaki inakoota, basi."

Jini akamwonyesha vichaka vya miswaki kando ya uwanda wa chumvi, ambako watu wa Zarkani hawakuwa wakienda kwa kuwa hapaoti muwa. Mbaruku akakata mizizi, akaifunga matita, akarudi kwa mama yake. Bi Hidaya akaunusa mzizi akatabasamu. "Bibi yangu aliutafuna huu mpaka akaingia kaburini na meno yake yote. Lete karafuu, mwanangu, na chumvi, na makaa. Mafuta ya karafuu nitayakamua mimi."

Asubuhi Mbaruku akaketi barazani pake na kapu, akapaza sauti: "Jino, jino! Anayeumwa asogee, asiyeumwa ajikinge!" Wapishi wakacheka wakashika mbavu. "Tazameni, aliyekuwa na sufuria isiyokwisha, sasa anauza vijiti!"

Jua halijapanda sana, Mzee Faki Jongo akaja kwa kujificha, shavu limevimba kama andazi.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, baba. Funua kinywa."

Akampaka mafuta ya karafuu, akamfundisha kuutafuna mswaki na kusugua kwa unga wa makaa na chumvi. Mzee akasimama akisubiri maumivu yarudi, na yalipokawia, machozi yakamlengalenga. "Nipe na wa mke wangu," akasema, "na wa wanangu wote." Kufikia adhuhuri kapu lilikuwa tupu na watu wamesimama hadi langoni.

Kuhusu Nurshani, Mbaruku hakumwambia mtu neno. Alitengeneza kijaluba kizuri, akamtuma mama yake katika nyumba ya wanawake wa kasri, na Bi Hidaya akasema mbele ya wote, "Bibi yetu, mwanangu amefungua biashara mpya, na ada ni kumpelekea mwenye mji zawadi ya kwanza. Ni ya kupamba kinywa, si ya maradhi." Binti akakipokea, na alipobaki peke yake akakuta ndani mswaki na mafuta ya jino, akatambua kwamba siri yake imejulikana na kufichwa; akayatumia, na usiku ule akalala.

Lakini Zarkani ni Zarkani. Wapishi walipoona mkate wa Mbaruku umenona, walitupa miko, wakatwaa makapu, wakaanza kuelekea uwanda wa chumvi kundi kwa kundi. Mbaruku akapanda juu ya baraza, akawasimamisha.

"Enyi jirani zangu, mnakwenda wapi? Mtajaza soko vijiti kama tulivyolijaza halua! Baba Faki, mikono yako ilisokota kamba kabla ya kushika mwiko, na kisimani ndoo zinazama kila siku. Nawe Mwinyi Sharifu, ulikuwa mfinyanzi, na maharusi wa mji huu hawana mitungi. Na wewe, wewe uliyeshuka na ngazi yako, iko wapi ngazi? Watoto wananyeshewa vitandani."

"Na kamba zisiponunuliwa?" akauliza Faki Jongo.

"Sokota moja uende nayo kisimani. Ikikosa mtu, nitainunua mimi."

Faki akasokota, akaenda, na wanawake wakagombea kamba ile nusura waikate. Wengine walipoona, wakatafuta kila mmoja zana zake za kale zilikolala, na walioipenda halua kwa moyo wakabaki na halua, na kwa kuwa sasa walikuwa wachache, halua ikapata tena heshima yake.

Mwezi ulipoandama, Sultani alipita sokoni kwa miguu, akasikia nyundo na gurudumu la mfinyanzi na wezekaji wakiitana juu ya mapaa. Akaamuru Mbaruku aletwe kasrini, akamvika joho, akasema, "Chagua utakacho, ewe uliyenijengea mji wangu mara ya pili." Na kabla Mbaruku hajajibu, nyuma ya pazia kikasikika kicheko cheupe, na Sultani akashtuka, kwani alikuwa amesahau sauti ya kicheko cha mwanawe.

"Baba," akasema Nurshani, "huyu aliijua siri yangu akaificha, na akaniponya bila kuniaibisha. Kama atakubali, mimi nimechagua."

Mbaruku akainamisha kichwa. "Nimekubali, bibi yangu, na Mungu ni shahidi."

Wakaozwa kwa ngoma na matarumbeta, na Kharkhamu akaachwa huru akaenda zake kwa salama. Mbaruku akatajirika, yeye na Bi Hidaya na ukoo wao, na Nurshani akawa mshauri wake katika kila jambo. Na kijana yeyote aliyefika mlangoni pao kuuliza auze nini apate riziki, Nurshani hakumpa jina la bidhaa. Alimuuliza, "Jirani yako analalamikia nini?" na asiyejua alirudishwa kwanza akasikilize. Kwani riziki hukaa mahali mtu anapougua na hapana aliyemsikia, na anayemsikia wa kwanza hula kwa jasho lake na kwa dua za watu.